Kona Isiyofutwa

Nilisimamisha kijiti kimoja cha chaki juu ya alama ya kutoa, ikawa alama ya kuongeza. Njo hiyo tu, ndiyo hiyo. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Nilirudi kwenye benchi langu, nikafungua kitabu cha jiografia ili nionekane mtu mwenye shughuli, nikangoja watu wacheke. Hakucheka mtu, siku ile wala baadaye, na ni kwa ajili ya kijiti hicho naandika habari za Prof kwa adabu ambayo walimu wangu wengine wakiiona watauliza nani kaniandikia.

Kwetu Kalemie kila anayefundisha sekondari ni Prof, hata yule wa michezo ambaye hajawahi kuonekana akikimbia. Lakini ukisema Prof ukanyamaza, usiongeze somo wala jina, shule nzima inajua unamsema yeye: Prof wa hesabu, wa mwaka wa sita, Mat-Fizik, yaani hesabu na fizikia. Kwao sikupajua. Wengine walisema Ankoro, kwa sababu akikasirika alizungumzia mitumbwi. Wengine Kabalo, kwa sababu alijua tabia zote za treni isiyokuja. Yeye mwenyewe alisema ametoka kwenye benchi la nyuma kama sisi, na hapo alifunga mlango.

Alikuwa mrefu, mwenye koti moja la kahawia ambalo kiwiko cha kulia kilikuwa cheupe kwa chaki hata siku ya Jumapili. Miwani yake ilifungwa nyuma ya kichwa kwa uzi wa nyavu. Macho yake yalikuwa na ukungu, kama ule wa asubuhi unaokaa juu ya ziwa na kuificha mitumbwi iliyo karibu, na kila mwaka ukungu ulizidi kushuka. Aliwahi kumwamkia mbuzi wa prefe, mkuu wa shule yetu, kwa heshima zote: habari ya nyumbani, habari ya watoto. Mimi njo nilieneza hadithi hiyo, na nikamwongezea mbuzi majibu.

Kitu cha kwanza ulichokiona ukiingia darasani kwetu ni kona ya juu ya ubao, upande wa kulia. Prof aliizungushia mstari wa chaki, akaandika chini yake: Usifute. Miaka ikapita, haikufutwa. Mfagizi alipangusa ubao wote akaiacha. Prof wa jiografia alipochora ramani ya nchi yetu, kaskazini-mashariki yote ilikosa nafasi, tukasoma nchi iliyokatwa sikio. Siku moja nilimuuliza watu wa huko wamehamia wapi. Nilitolewa nje, lakini nilitoka kama shujaa.

Ndani ya mstari ule mlikuwa na herufi tatu, x, y na z, pamoja na sheria za kukutana kwao. Sisi tulifundishwa tangu utoto kwamba mbili mara tatu ni sawa na tatu mara mbili, wala hakuna aliyetuuliza kama tunakubali. Prof alisema huo ni ulimwengu wa dukani. Kuna ulimwengu mwingine ambamo nani ametangulia ni jambo zito, na huko xy na yx ni vitu viwili. Huko huwezi kupanga herufi unavyotaka. Lazima zipishane mbili-mbili, na kila kupishana kuna sheria yake. Kwa kuwa kila sheria inazungumzia herufi mbili zilizokutana, aljebra za namna hiyo zinaitwa za kwadratiki. Ukizichukua sheria hizo ukazipinda kidogo, ukazitia mwishoni mkia ambao haukuwepo, umefanya kinachoitwa deformasio. Baada ya hapo linabaki swali moja, ambalo Prof aliliuliza kila wiki kama mtu anayegonga ukuta kwa kifundo cha kidole asikie kama ndani kuna ufa: nyumba bado inasimama?

Sheria za konani zilifanana kama ndugu wa tumbo moja:

yx = −xy + 1
zy = −yz + 1
zx = −xz + 1

Maana yake, mkubwa akimtangulia mdogo, wapishane. Wakipishana, alama inageuka ya kutoa, na mwishoni inabaki moja, kama jiwe lililodondoka njiani. Hata mimi niliweza kuzikariri. Kwa Prof hicho kilikuwa chumba cha kwanza tu. Nyumbani alikuwa na kazi ya miaka, makaratasi juu ya makaratasi, herufi nyingi kuliko alfabeti, mikia ya kila aina, akitafuta unaweza kupinda mpaka wapi na nyumba isianguke. Lakini vyumba vyote vile viliegemea kile kidogo cha konani.

Tangu ziwa lilipopanda, mfereji ulio mbele ya darasa letu haukauki, na tunavuka kwa kipande cha mbao, chembamba, cha mtu mmoja. Sisi tuliona kero. Prof aliona somo. Alitupandisha watatu kwenye mbao ile: kijana mrefu kuliko wote akawa z, mimi wa kati nikawa y, na Riziki, msichana mdogo wa umbo ambaye ni kiranja wa darasa letu, akawa x. Tulisimama kinyume, mrefu mbele, mfupi nyuma, na kazi ilikuwa tujigeuze mpaka Riziki atangulie. Kila wawili wakipishana, wageuze nyuso. Ama wasipishane, bali wote wawili waruke majini, na pale walipokuwa libaki jiwe. Unaweza kuanza na wawili wa mbele, unaweza kuanza na wawili wa nyuma. Njia ni mbili, alisema, lakini mwisho lazima ufanane, jiwe kwa jiwe. Usipofanana, sheria zako zinagombana, na sheria zikigombana anayeumia ni mwenye nyumba.

Mimi niliruka majini kabla hajamaliza kueleza. Maji yalimrukia Riziki, darasa likafurahi sana. Prof alingoja kicheko kiishe chenyewe, kama anavyongoja mvua.

"Umeanguka kwa sheria gani?" aliniuliza.

Nikasema hakuna, Prof, nimeteleza.

"Basi toka humo. Huku hakuna mutu anaanguka bure."

Kauli zake zilikuwa za namna hiyo, kavu, na sisi tulizirudia sokoni na uwanjani kwa kuziharibu. Nyingine ilikuwa hii: anayeandika hasomi. Alisema jicho la mwenye kuandika linaona kile moyo wake unapenda, kwa hiyo yeye akiandika, mwingine asome, na asome kilichoandikwa, si anachokijua. Kila wiki mwanafunzi mmoja aliwekwa kuwa msomaji. Msomaji alisoma kutoka konani kwa sauti, Prof akiandika katikati ya ubao kwa herufi kubwa kama za duka la mkate, na ole wake msomaji aliyejifanya mjanja akamsahihisha Prof kutoka kichwani. Baadhi yetu tulisema desturi hiyo ni ya kuficha macho yake. Huenda. Lakini aliishika hata wakati macho yalikuwa mazima, walisema waliosoma kabla yetu.

Mtu huyu wa mpangilio, nje ya ubao hakuwa na mpangilio wowote. Alivaa miwani kabla ya shati, kisha akalilaumu shati. Kanisani aliimba ubeti wa tatu wakati sisi tuko wa kwanza, kwa sauti, bila aibu, na sista anayepiga kinanda alijifunza kumngoja. Kwa wanafunzi wagumu wa kuelewa alikuwa na subira ya mvuvi wa ndoano. Kwa sisi wepesi hakuwa nayo. Alichukia wahubiri wa kupiga kelele, lakini asubuhi ya mtihani wa serikali alisimama getini na kumtaja kila mmoja wetu mbele ya Mungu, jina kwa jina, mimi akiniweka mwisho, nadhani ili Mungu asichoke mapema.

Mama yangu anauza ndakala, dagaa wa ziwa letu, zinazotoka Zongwe. Prof alikuwa mteja wake, na hakuweza kununua kama watu wengine. Lazima aulize kama chumvi ilitangulia jua au jua lilitangulia chumvi, kwa sababu ladha si moja. Mama alimvumilia mpaka siku moja akamwambia, "Prof, unanunua ao unasahihisha?" Prof alicheka mpaka akavua miwani, na kesho yake ndakala zikaingia darasani, zikawa mfano.

Jambo moja la Prof lilinishinda kulicheka, ingawa nilijaribu. Alinitoa darasani kwa kosa la kunakili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa nimenakili. Nilinakiliwa, na mpaka leo namhurumia aliyechagua karatasi yangu. Prof aligundua ukweli jioni hiyohiyo, akaja kwetu. Mama alikuwa anageuza ndakala kwenye turubai. Prof hakumwamkia. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi na magamba, na suruali yake iliyopigwa pasi, akanyamaza mpaka Mama alipoacha kazi na kumgeukia. Hapo njo akafungua mdomo: amemkosea mtoto wake, na kumkosea mtoto ni kumkosea mzazi. Mama alimwacha chini muda wa kutosha, kama desturi ya kwetu inavyotaka, kisha akaniambia nilete kiti. Kesho yake magamba yalimfuata darasani, yakimetameta kwenye makalio yake kila alipogeukia ubao. Nilifungua mdomo niseme kitu. Nikaishia kunakili hesabu ubaoni.

Sasa kijiti.

Mgeni alikuja Kalemie kwa matanga ya shangazi yake. Ni profesa wa kweli, wa chuo kikuu kule Lubumbashi, na zamani alisoma benchi moja na Prof. Mmoja akaenda mbele, mwingine akabaki na chaki. Mgeni alikuwa na nafasi moja ya mtu wa kufanya tezi, utafiti wa kupata udokta, pamoja naye, na wakubwa wa kwake walimtaka kijana. Alimwambia Prof wazi: nionyeshe kitu kinachosimama, nikawaambie wazee wenzangu kwamba nimekiona kwa macho yangu. Angepita shuleni kabla ya kupanda ndege. Prof alituambia habari hizo bila kupamba, kwa sababu alitaka tuvae vizuri. Miaka yake ya kufundisha ilikuwa inaelekea mwisho na hakuna nafasi nyingine iliyokuwa inakuja nyuma ya ile. Sisi wote tulijua. Mimi pia nilijua, nisijitetee.

Nilichotaka ni kidogo. Nilitaka Prof asikie sheria mbaya, asite, ageuke na kuuliza "Nani?" kwa ile sauti yake, darasa lipasuke, na mgeni aone kwamba Kalemie pia kuna watu. Kwa hiyo siku ya mgeni, wakati wa mapumziko, nikapanda juu ya kiti, nikasimamisha kijiti kwenye sheria ya tatu.

Mgeni aliketishwa benchi la nyuma. Msomaji wa wiki ile alikuwa Riziki. Alisoma ya kwanza, Prof akaandika. Akasoma ya pili. Ya tatu aliitazama kidogo, akasoma kilichoandikwa: zx ni xz, ongeza moja. Chaki ya Prof ilisimama hewani. Nikajiandaa kucheka.

"Soma tena," akasema.

Riziki akasoma tena, kilekile. Na Prof akaandika.

Baadaye nilielewa. Miezi mingi alikuwa anabadilisha alama zile, akijaribu hii na ile, na hakuamini tena kichwa chake kujua ipi ilibaki konani. Aliamini ubao. Sisi ndio tuliokuwa ubao wake.

Alianza njia ya kwanza, akapishanisha z na y mbele. Mkono ulikwenda bila kusita, tulisikia chaki tu. Akamaliza, akachora mstari. Akaanza njia ya pili, y na x nyuma. Alipofika mwisho aliziweka njia mbili pamoja, ya juu na ya chini, na hazikufanana. Ili zifanane, ilibidi x na z wawe kitu kimoja, mdogo na mkubwa mtu mmoja. Na kama ni mtu mmoja, basi ile sheria ya tatu inasema mtu amepishana na nafsi yake, hakuna kilichobadilika, na bado imebaki moja mkononi. Moja ni sifuri. Aliandika hivyo, kwa herufi kubwa, mbele ya mgeni: 1 = 0. Panapokuwa hivyo hakuna tena herufi wala sheria. Hakuna nyumba, hata mlango wa kutokea.

Mgeni alikuwa ameinama mbele. Alisema taratibu, "Ndugu yangu, rudilia alama."

"Alama zimesomwa mara mbili mbele yako," Prof akajibu.

Kiburi alikuwa nacho, sikusema hakuwa nacho. Gari la kwenda kiwanja cha ndege lilipiga honi. Mgeni alimshika bega, akatushukuru sisi watoto, akavuka mfereji kwenye mbao kwa uangalifu wa mtu wa mjini. Prof alishika dasta. Alifuta katikati ya ubao, kisha akanyoosha mkono akafuta kona, pamoja na mstari na lile neno lake. Akasema kwamba kosa ni lake, tumwie radhi kwa kupoteza saa yetu. Kisha akafundisha logariti mpaka kengele.

Riziki alinishika njiani. Nilidhani atanipiga. Alisema, "Kijiti chako kinainama kushoto. Hata namba moja zako zote zinainama hivyo." Nikamuuliza kama atasema. Akajibu hapana, si yake. Mi nilisoma kilichoandikwa, aliongeza, na akaniacha njiani, kwa sababu yeye alijua sheria zote tatu kwa moyo na alikuwa ameshika desturi ya Prof mpaka mwisho.

Siku ya kwanza sikusema kwa sababu Prof alikuwa na huzuni. Baadaye sikusema kwa sababu alionekana amezoea. Mjanja hakosi sababu. Kona ilibaki tupu. Prof wa jiografia alichora nchi nzima kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyefurahi. Prof alifundisha yaliyomo kitabuni tu, kurasa kwa kurasa. Hakugonga tena ukuta wowote. Nilijaribu kumchokoza, nikamuuliza maswali ya kijinga kwa makusudi ili anitoe nje. Alinijibu kwa upole. Huo upole ulinikondesha.

Mke wake anauza mikate ya mafuta, ile ya kukaanga, kwenye njia panda ya reli. Tunamwita Mama Prof. Likizo kubwa ilipoanza nilinunua miwili, bado ya moto, nikaifungua nikitembea. Karatasi iliyoifunga ilikuwa imelowa mafuta, na ndani ya mafuta niliona mwandiko wa Prof. z, y, x. Mishale ya njia mbili. Chini kabisa, alama mbili za sawa, na neno ambalo aliliandika kila alipofika salama: inasimama. Nilirudi mbio nikamwuliza Mama Prof karatasi hizi anazitoa wapi. Alisema ni za Papa, amempa, anasema hazina kazi tena. Rundo lilikuwa chini ya meza, na lilikuwa dogo. Nilimuomba lililobaki. Alinitazama, akanipa, akaendelea kugeuza mikate.

Nilikwenda kwao saa hiyohiyo, na lile rundo chini ya kwapa.

Prof alikuwa amekaa nje ukutani. Madaktari walikuwa wamepita mjini kutibu macho, wamemfanyia upasuaji jicho moja, likafungwa kwa kitambaa cheupe. Lingine bado lilikuwa na ukungu wake. Aliuliza ni nani. Nikataja jina langu, na kabla sijapumua nikayamwaga yote nikiwa nimesimama: kiti, kijiti, sheria ya tatu, mapumziko, mgeni, yote, haraka haraka kama mtu anayevuka maji baridi. Nilipomaliza sikujua niweke wapi mikono.

Prof akapapasa ukutani, akanisogezea kigoda.

"Kaa. Soma."

Nikasema hapa hakuna ubao, Prof.

"Soma vile ilikuwa, mbele mukono yako haijaigusa."

Nikazisema sheria tatu. Akasema, pita. Mimi, ambaye hesabu nilizipita kwa huruma za watu, nikaanza kuipanga zyx kwa mdomo, njia ya mbele. Nikakosea, akagonga goti lake kwa kidole, nikarudi nyuma. Nikasahau jiwe moja, akagonga. Nilichora kwa kidole kwenye vumbi ingawa yeye hakuona, nikatokwa na jasho kuliko uwanjani. Nikafika: toa xyz, ongeza x, toa y, ongeza z. Akasema, njia ya pili. Nikaanza nyuma. Hiyo ilikwenda bila kugongwa. Nikafika palepale: x, y, z zilezile, na alama zilezile.

"Kwa hiyo ilikuwa inasimama," akasema.

"Ndiyo, Prof."

"Miezi hii yote nilijiita muongo."

Mama Prof alikuwa amerudi kutoka barabarani, amesimama mlangoni na sinia. Alisema tu, "Papa, daktari alikataza kulowesha kitambaa," na akaingia ndani.

Prof alitoa simu mfukoni, akanielekeza nimtafute mgeni, nirekodi ujumbe wa sauti. Akasema ongea, na usinipunguzie wala kuniongezea. Nikaongea. Jibu lilikuja tukiwa bado tumekaa, kwa sauti pia. Mgeni alisema aliona kosa kwenye alama ya sheria ya tatu siku ile, njo sababu alimwambia arudilie. Alingoja simu, haikuja, na akaogopa kumsukuma mtu mzima mbele ya watoto. Nafasi ameshapewa kijana. Ila kazi aitume, yote, ataisoma mwenyewe. Prof aliisikiliza mara ya pili, simu ikiwa sikioni, kisha akaizima.

Nilimpa rundo la karatasi. Alilipima kwa mkono, akajua limepungua kiasi gani. Nikangoja aseme amenisamehe, au anifukuze, chochote kati ya hivyo viwili kingenifaa.

"Leo sijui nikwambie nini," alisema. "Kesho uje na daftari tupu. Nitasema, wewe utaandika. Na Riziki aje. Mwenye kuandika hasomi."

Niliteremka kilimani na ziwa lote mbele yangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mzaha wa kumpelekea mtu. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Nilimweleza kila kitu, hata karatasi za mikate, na hakunikatiza. Aliendelea na mwiko mpaka bukari ikaiva, akaifunika, akaipangusa mikono yake. Akaniuliza kama nilikaa chini kabla ya kuongea, au niliongea kabla ya kukaa. Nikasema niliongea nimesimama, halafu Prof akanipa kigoda.

Mama akasema, "Basi ulimupelekea habari tu. Bado hujamuomba musamaha. Kesho urudi, ukae chini kwanza, kwenye vumbi, halafu njo ufungue mudomo."